Barua pepe inavyomaliza betri ya simu

WAKAZI wa Kibaha na Kisarawe ambao betri za simu zao huisha kabla ya magharibi huenda wanazilaumu bure. Simu iliyo mbali na mnara, au iliyokingwa na vilima kama vya Pugu, huongeza nguvu ya kurusha mawimbi. Programu ya barua pepe iliyopangwa kukagua ujumbe kila dakika 15 huiamsha mara 96 kwa siku, hata pasipo na barua.

Kwa abiria ambaye nauli yake imo simuni, hilo si jambo dogo.

Kabla ya kumkimbilia fundi, mtumiaji afungue Mipangilio, kisha Betri, aone programu inayokula zaidi. Ikiwa ni barua pepe, aipange ikague anapoifungua tu. Betri iliyovimba, hata hivyo, ibadilishwe mara moja. Inaweza kuwaka moto.