Mashine ya Kufulia Inapovuja

Siku hizi mashine za kufulia nguo zimefika katika nyumba za mapadre, hosteli na vituo vya afya, nyingine zikiwa zawadi za wafadhili. Zinapoanza kuvuja huwekwa kando kusubiri fundi kutoka mjini, na mashuka ya wagonjwa hurudi kufuliwa kwa mikono. Inasikitisha, kwani mara nyingi kilichoharibika ni kipande cha mpira ambacho bei yake haifikii nauli ya huyo fundi.

Kabla ya kugusa chochote, chomoa plagi na ufunge bomba la maji. Kuzima mashine peke yake hakutoshi. Maji yakiwa yameenea hadi kwenye plagi au soketi, usiyakanyage. Zima kwanza umeme kwenye swichi kuu.

Kausha sakafu kabisa, tandaza magazeti makavu kuizunguka mashine, kisha rudisha umeme na maji, uiwashe bila nguo. Kaa mbali kidogo uangalie. Gazeti linalolowa litakuonyesha upande, na wakati linapolowa utakudokeza chanzo.

Maji yakitoka mashine inapojaza, au hata ikiwa imezimwa huku bomba likiwa wazi, shuku mpira wa kuingizia maji. Chomoa plagi, funga bomba, kisha fungua nati za mpira huo pande zote mbili. Ndani ya kila nati mna washa ya mpira. Iliyokauka au kupasuka ibadilishwe. Kaza kwa mkono, kisha ongeza robo ya mzunguko kwa plaizi. Usizidishe, maana nati nyingi ni za plastiki na hupasuka.

Yakitoka wakati wa kumwaga, angalia mpira wa kutolea maji na chujio la pampu. Katika mashine nyingi za mlango wa mbele, chujio liko chini mbele, nyuma ya kifuniko kidogo. Subiri maji yapoe, weka beseni bapa, ufungue polepole. Utakuta vifungo, sarafu, pini na, katika nyumba ya mapadre, pengine punje za rozari. Lisafishe na ulirudishe likae sawasawa.

Kuna uvujaji ambao si ubovu hata kidogo. Sabuni ya unga ya kufulia kwa mikono hutoa povu jingi, nalo katika mashine ya mlango wa mbele hufurika kupitia droo ya sabuni. Tumia sabuni iliyotengenezwa kwa mashine, tena kwa kipimo. Mpira wa mlango nao ufutwe kila baada ya kufua. Ukichanika, nunua wa modeli ileile, gundi haidumu.

Lakini maji yenye kutu yakidondoka nyuma katikati, na mashine ikinguruma inapokamua, beringi zimekwisha. Hapo mwite fundi.

Kamati inapopokea mashine, iandike namba ya modeli, itunze kijitabu chake, na inunue mapema washa na mpira mmoja wa akiba. Mfadhili anayetaka kutoa mashine iliyotumika aitume namba hiyo kabla ya kusafirisha, ili kamati iulize madukani kama vipuri vyake vinapatikana.