Mitandao Yetu na Siku ya Kishindo

Kila jioni malori hujipanga Salgaa, kando ya barabara kuu itokayo Nakuru kwenda Eldoret. Yatokayo bandari ya Mombasa yakielekea Uganda, Rwanda na Kongo hupumzika hapo, madereva na mautingo wao wakala, wakalala na kupashana habari za njia. Wako waungwana ambao wakilisikia jina la Salgaa hukunja pua. Mimi nadhani mji huu mdogo una somo la kuwapa vijana wetu wanaosomea kompyuta, na walimu wao pia.

Barabara hiyo, katika siku ya kawaida ya juma, hupitisha magari bila ya taabu kubwa. Taabu huja Desemba, wakati nusu ya Nairobi inapofunga virago kwenda magharibi ya nchi, mabasi yakishindana na trela kwenye mteremko wa Sachangwan. Alfajiri ya tarehe 31 Desemba 2017 basi liligongana na lori huko Migaa, karibu na Salgaa, na watu 36 wakapoteza maisha. Ni baada ya msiba huo, uliotanguliwa na mingine mingi, ndipo ukuta wa zege ulipojengwa katikati ya barabara, wapandao wakawa na upande wao na washukao upande wao. Waliokuwa wakiipima barabara ile kwa siku za kawaida walikuwa wakijidanganya.

Sasa tuseme kwamba vijana wachache wa Nakuru wanaunda mtandao wa kijamii wa madereva wa malori, mahali pa kuulizana kuhusu mizani, mvua, foleni za Malaba na bei ya dizeli. Wanakodi seva moja. Watu elfu moja wanajiunga, kila kitu kinakwenda sawia, na waasisi wanapigwa picha magazetini. Kisha usiku mmoja trela linapoteza breki. Katika muda wa dakika kumi kila mke, kila mtoto na kila tajiri mwenye gari barabarani anataka kujua jambo moja tu: je, ni gari letu? Wote wanafungua ukurasa ule ule kwa wakati mmoja, na ukurasa haufunguki. Huduma iliyojengwa kwa ajili ya usiku kama huo ndiyo inayozimika usiku huo.

Hilo si jambo la kubuni tu. Wakati wa Kombe la Dunia la mwaka 2010 mtandao wa Twitter ulikuwa ukilemewa mara kwa mara, na wenye kuutumia walizoea kuoneshwa mchoro wa nyangumi aliyeinuliwa na ndege wadogo, ishara ya kuwaomba radhi. Wahandisi wake walirudi mezani. Programu moja kubwa iliyokuwa ikifanya kila kazi waliivunjavunja ikawa huduma ndogo ndogo, ili moja ikianguka zisianguke zote. Mnamo Agosti 2013, filamu moja ya katuni ilipooneshwa kwenye televisheni huko Japani, watazamaji walituma ujumbe 143,199 katika sekunde moja, ilhali wastani wa siku zile ulikuwa kama 5,700 kwa sekunde. Mtandao haukutetereka.

Mwanafunzi atauliza, kishindo hicho hukadiriwaje kabla hakijafika? Kwa hesabu ya shule ya msingi! Chukua siku ya kutangazwa kwa matokeo ya KCSE. Watahiniwa wa mwaka 2024 walizidi 960,000. Tukisema kila matokeo yanatafutwa na watu wanne, yaani mtahiniwa, mzazi, mjomba na mwalimu, na kila mmoja anajaribu mara tatu, tunapata maombi milioni 11 na nusu. Yakienea katika mwezi mzima, ni maombi manne au matano kwa sekunde, kazi ambayo kompyuta ya kawaida huimudu. Yakibanwa katika saa moja, ni 3,200 kwa sekunde. Idadi ya watu haikubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni saa.

Na hapo kwenye kujaribu mara tatu ndipo penye sumu. Mtu asipojibiwa hubonyeza tena, na akinyimwa tena hubonyeza kwa hasira, hata mashine iliyokuwa ikisuasua ikazikwa na subira fupi za watu. Ndiyo maana programu ya simu iliyoandikwa kwa busara hungoja kidogo kabla ya kurudia, kisha hungoja zaidi, na kila simu hupewa muda wake tofauti ili zisirudi zote kwa mpigo.

Dawa nyingine ni ya kuchagua kipi kife na kipi kiishi. Usiku wa ajali, mtandao wetu wa madereva hauhitaji kuonesha video, wala kuhesabu waliopendezwa na picha ya fulani. Uvizime vyote hivyo. Ubakize maneno matupu: namba ya gari, mahali, saa. Na habari ambayo watu elfu hamsini wanaiuliza isitafutwe upya ghalani mara elfu hamsini. Itengenezwe nakala moja, isambazwe kwenye seva kadhaa, na kila ajaye apewe nakala hiyo hata kama imechelewa kwa nusu dakika. Katika uchaguzi wa Agosti 2022 tume ya uchaguzi iliweka wazi kwenye intaneti fomu za matokeo kutoka vituo zaidi ya 46,000, na vyombo vya habari na raia wakazichukua na kujijumlishia wenyewe. Picha ya fomu haibadiliki, hivyo inakubali kunakiliwa bila kikomo. Naona watu husifu uwazi wa zoezi lile na kusahau kwamba uwazi huo ulihitaji mitambo iliyohimili wingi wa wageni.

Lakini ni wangapi kati yetu hufanya majaribio? Kuna programu za bure ambazo huigiza maelfu ya wageni wa uongo na kuwarusha kwenye mtandao wako hadi ukatike, ukajua umekatikia wapi. Kazi hiyo huchukua siku mbili tatu. Vyuo vya Egerton na Kabarak havipo mbali na Salgaa, na mwalimu wa kompyuta angeweza kuifanya kuwa sehemu ya mtihani: kila mwanafunzi alete alichokiunda, wenzake wakishambulie kwa wageni wa bandia, na alama zitolewe kwa jinsi kilivyojinusuru. Hali ilivyo sasa, mradi wa mwisho wa mwaka huoneshwa ukitumiwa na mtu mmoja, naye ni mwenye kuuandika.

Uchaguzi mkuu ujao ni wa tarehe 10 Agosti 2027. Anayetaka huduma yake isimame usiku huo inampasa aanze kuiangusha kwa makusudi mapema, na ajue tangu sasa ni nani atakayekuwa macho saa tisa za usiku, mwenye funguo za seva mkononi.