Kemikali za Amini Zinazowaka: Tahadhari kwa Kaya za Miteremkoni

Mkazi wa Masama anaweza kudhani kwamba kemikali za viwandani ni jambo linalowahusu wafanyakazi wa viwanda peke yao. Dhana hiyo inahitaji kusahihishwa. Barabara kuu ya Moshi hadi Arusha, inayopita Kwa Sadala na Boma Ng'ombe, hutumiwa na malori ya mizigo ya kila aina. Aidha, pipa au dumu lililobeba kemikali kiwandani linaweza kupita mikono mingi hadi likamfikia mtu anayetafuta chombo cha kuhifadhia maji, mahindi au mbege. Makala haya yanaeleza kundi moja la kemikali hizo, yaani amini, na namna mwananchi anavyoweza kujikinga nazo.

Amini ni nini?

Amini ni kemikali zenye undugu na amonia. Zilizo maarufu viwandani ni pamoja na dimetilamini na trietilamini. Hutumika katika kutengeneza viuatilifu, dawa za binadamu, bidhaa za mpira na vitu vingine vingi. Nyingi kati yake hazina rangi, hivyo mtu akizitazama anaweza kuzidhania maji. Harufu yake ni kali, mfano wa amonia au samaki aliyeoza. Hata hivyo, harufu si mlinzi wa kutegemewa, kwa kuwa pua huizoea baada ya muda mfupi ilhali hatari inabaki palepale.

Kwa nini huwaka kwa urahisi?

Kinachoshika moto si kimiminika chenyewe bali ni mvuke wake. Dimetilamini huchemka katika nyuzi joto 7 hivi za sentigredi; kwa hiyo katika hali ya kawaida ni gesi, nayo huuzwa ikiwa imeshindiliwa katika mitungi au imeyeyushwa katika maji. Kuyeyushwa huko hakuondoi hatari, kwani mvuke huendelea kutoka na kuweza kuwaka. Trietilamini ni kimiminika, lakini hutoa mvuke wa kutosha kushika moto hata joto likiwa chini ya nyuzi 0. Maana yake ni kwamba baridi ya Juni na Julai katika vijiji vya juu vya Masama haimlindi mtu yeyote.

Lipo jambo jingine linalowahusu hasa watu wa miteremkoni. Mvuke wa amini hizi ni mzito kuliko hewa. Ule wa trietilamini ni mzito takriban mara tatu na nusu. Mvuke huo haupandi juu na kutawanyika kama moshi. Hutambaa chini, hufuata mteremko kama maji ya mfereji, na hutuama mabondeni na katika vyumba vilivyo chini. Dumu likivuja katika ghala lililo juu ya kihamba, mvuke unaweza kulifikia jiko la kuni la nyumba iliyo chini yake, ukashika moto huko, na mwali ukarudi hadi kwenye dumu. Kwa hiyo, mtu anayepima usalama wake asihesabu hatua tu, bali atazame pia ardhi inainamia upande gani.

Madhara kwa mwili

Amini huunguza. Zikigusa ngozi husababisha vidonda vya moto, na zikiingia machoni zinaweza kuharibu uwezo wa kuona. Mvuke wa trietilamini, hata kwa kiasi kidogo, unaweza kumfanya mtu aone ukungu au duara za mwanga kuzunguka taa. Mvuke mwingi huwasha koo na kifua, na maji yanaweza kujaa mapafuni saa kadhaa baadaye, wakati mgonjwa akijiona amepata nafuu. Ndiyo maana mtu aliyevuta mvuke mwingi apelekwe hospitali hata kama amesimama na anazungumza.

Pipa tupu si pipa salama

Watu wengi huamini kwamba hatari humalizika kemikali inapokwisha. Kwa moto, mara nyingi hali ni kinyume chake. Pipa lililojaa lina nafasi ndogo ya hewa. Pipa tupu limejaa mchanganyiko wa mvuke na hewa, nao ndio unaolipuka. Fundi anayelikata kwa gesi au kwa mashine ya kusaga chuma, ili atengeneze jiko au chombo cha kunyweshea ng'ombe, anaweka cheche katikati ya mchanganyiko huo.

Dumu la plastiki nalo lina hatari yake. Plastiki inaweza kunyonya kemikali na kuirudisha polepole katika chochote kitakachowekwa humo. Kuosha kwa sabuni, majivu au maji ya moto hakutoi uhakika. Kwa sababu hiyo tunasisitiza kwamba chombo kilichobeba kemikali ya viwandani kisitumike kamwe kwa maji ya kunywa, maziwa, nafaka wala mbege. Mnunuzi wa chombo kilichotumika amuulize muuzaji kilibeba nini, atafute lebo na kunusa kwa mbali mkononi bila kuingiza pua mdomoni mwa chombo. Lebo ikiwa imebanduliwa, au jibu la muuzaji likiwa la kusitasita, asinunue.

Alama za kutambua

Kwenye lebo, tazama umbo la mraba lililosimama kwa pembe moja kama almasi, lenye ukingo mwekundu. Mwali wa moto ndani yake unaonyesha kitu kinachowaka; kimiminika kinachodondokea mkono na chuma kinaonyesha kitu kinachounguza; fuvu la kichwa linaonyesha sumu kali. Lori linaweza kuwa na kibao cha rangi ya machungwa chenye namba: 1296 ni trietilamini, na 1160 ni dimetilamini iliyoyeyushwa katika maji. Ukiweza kuisoma namba hiyo ukiwa mbali, wasomee waokoaji.

Jina «amini» huonekana pia kwenye baadhi ya dawa za magugu, kama vile 2,4-D. Humo amini imeungana na kiambata kingine na kuwa chumvi, hivyo haitoi mvuke unaowaka kama amini ya kiwandani. Hata hivyo dawa hiyo ni sumu, na ikipeperushwa na upepo inaweza kuharibu maharage na kahawa ya jirani. Ihifadhiwe katika chombo chake cha asili, mbali na watoto.

Lori likipinduka

Tarehe 10 Agosti 2019, katika eneo la Msamvu mjini Morogoro, lori la mafuta lilipinduka, watu wakakusanyika kuchota petroli, na moto ukalipuka. Zaidi ya watu 100 walipoteza maisha. Kwa amini hatari ni maradufu, kwa kuwa mvuke huunguza macho na mapafu hata kabla ya moto kuwaka. Zingatieni haya:

1. Ondokeni mara moja, mkielekea upande upepo unakotoka na mahali palipoinuka. Msishuke bondeni wala kufuata mfereji.
2. Zimeni sigara, majiko na injini zilizo karibu, bodaboda zikiwemo.
3. Msichote kitu chochote, hata kikionekana kama maji.
4. Pigeni simu Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, namba 114, na kueleza mahali palipo na ajali.
5. Wajulisheni wanaochota maji ya mfereji huo chini wasiyatumie wala kunywesha mifugo.

Huduma ya kwanza

Mtoeni mgonjwa kwenye hewa safi, ikiwa mnaweza kumfikia bila kuingia katika mvuke. Mvueni nguo zilizolowa. Macho yaoshwe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika zisizopungua 15, kope zikiwa zimefunuliwa. Aliyemeza asukutue kinywa. Asilazimishwe kutapika, wala asinyweshwe maziwa kwa imani kwamba yanaua sumu. Apelekwe hospitali haraka pamoja na lebo au jina la kemikali.

Wajibu wa muuzaji na haki ya mnunuzi

Sheria ya Usimamizi na Udhibiti wa Kemikali za Viwandani na Majumbani, Na. 3 ya mwaka 2003, inamtaka anayejishughulisha na kemikali hizi awe amesajiliwa na Mkemia Mkuu wa Serikali. Mnunuzi ana haki ya kuuliza usajili huo na kupewa kemikali yenye lebo inayosomeka. Kemikali iliyopimwa kwenye chupa ya soda isipokelewe kwa bei yoyote, kwani mtoto mwenye kiu hataiuliza ina nini.