Nuru na Seli za Maumivu: Kampaundi ya QAQ

Dawa ya ganzi kama lidokaini huzima neva zote zilizo karibu: za maumivu, za mguso, hata zinazoendesha misuli. Kampaundi ya QAQ, iliyoelezwa mwaka 2012 na kundi la Richard Kramer na Dirk Trauner, huchagua. Kwa kuwa ina chaji chanya mbili, haiwezi kupenya utando wa seli. Huingilia mlango wa TRPV1, ule ule unaofunguliwa na ukali wa pilipili, nao hupatikana hasa katika seli za maumivu. Ikishaingia, nuru ya nanomita 500 huinyoosha ikaziba njia za ioni; ile ya nanomita 380 huikunja, na ishara za maumivu zikapita tena. Lidokaini haina uwezo huo. Kizuizi kikubwa ni mwili wenyewe, kwani nuru hizo hazifiki mbali ndani ya nyama.