Kubadilisha maji ya tangi la samaki nyumbani: anza na mpira kabla ya pampu

Kati ya jumbe mnazotutumia baada ya kipindi cha ufugaji, kuna moja inayorudi kila baada ya muda, maneno tofauti lakini habari ileile: samaki walikuwa wazima jioni, asubuhi wakakutwa wanaelea. Tunapouliza maji yalibadilishwa lini mara ya mwisho, mara nyingi jibu ni wiki tatu, au mwezi, au "tulikuwa tunapanga kubadilisha Jumamosi."

Hatuamini kwamba huo ni uvivu. Piga hesabu ya tangi dogo la lita 1,000, lile ambalo wengi wenu mmeanza nalo nyuma ya nyumba kwa ajili ya kambale au sato. Ukitaka kubadilisha asilimia 30 ya maji, ni lita 300. Hizo ni ndoo 15 za lita 20 za kutoa, na ndoo nyingine 15 za kuingiza. Kila ndoo ni kilo 20. Kwa hiyo kilo 600 zinapita mikononi mwa mtu mmoja, na kwa kawaida mtu huyo ni mama mwenye nyumba au mtoto kabla hajaenda shule. Kazi ya namna hiyo haifanyiki kila wiki hata ukiibandika ukutani. Ndiyo maana leo tunazungumzia vifaa vya bei ndogo vya kuipunguza, maana kazi ikiwa nyepesi ndipo inapofanyika.

Kwanza, kwa nini maji yabadilishwe hata kama yanaonekana safi? Samaki hutoa amonia, sehemu kubwa kupitia matamvua yake. Chakula kilichobaki kikioza chini ya tangi kinaongeza amonia nyingine. Amonia haina rangi, kwa hiyo macho hayatakusaidia, na maji yakipata joto sumu yake huwa kali zaidi. Katika bwawa kubwa la udongo, matope, mwani na bakteria husaidia kuipunguza. Tangi la saruji, la plastiki au la turubai halina msaada huo wa kutosha, hasa likijaa samaki. Wafugaji wa kambale huchelewa kuona tatizo, kwa sababu kambale ana kiungo cha kupumulia hewa ya juu na anaweza kuishi kwenye maji ambayo sato angekuwa amekufa siku nyingi. Lakini matamvua yake yanaungua vilevile, anaacha kula, na chakula ulichonunua kinageuka kuwa uchafu.

Sasa vifaa. Cha kwanza ni mpira wa maji, ule unaouzwa kwa mita kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi. Fundi wa magari anayevuta mafuta kwenye tangi kwa mpira anatumia njia hiyohiyo. Maji yakishaanza kushuka ndani ya mpira, yanajivuta yenyewe, mradi mdomo wa nje uko chini kuliko uso wa maji ya tangi. Hakuna umeme, hakuna pampu.

Usianzishe kwa kunyonya na mdomo. Maji ya tangi la samaki yamejaa kinyesi na bakteria, na wengi wameyameza kwa njia hii. Zamisha mpira wote ndani ya tangi mpaka mapovu yaishe, ziba mdomo mmoja kwa kidole gumba, utoe nje ukiwa umezibwa, ushushe chini, kisha achia. Mpira ukiwa mrefu mno kuzamishwa, ushike mikono miwili kama herufi U, mwage maji ndani kwa jagi mpaka ujae, ziba pande zote mbili na upeleke mahali pake.

Unene wa mpira una maana kuliko watu wanavyodhani. Kwa mpira wa mita 5 wa robo tatu ya inchi, mdomo wa nje ukiwa mita 1 chini ya uso wa maji, lita 300 zinatoka kwa robo saa hivi. Ukitumia wa nusu inchi, kazi ileile inapita nusu saa. Kama fedha inatosha kwa mpira mmoja tu, nunua ule mnene.

Fungia upande wa ndani kwenye fimbo au kipande cha bomba, ili uweze kuupitisha kwenye sakafu ya tangi, maana uchafu uko huko. Ukitoa maji ya juu tu umetoa yale yaliyo safi zaidi. Kama una vifaranga, funika mdomo wa ndani kwa wavu ili wasivutwe. Hapa tunaomba msome kwa makini: usitumie kipande cha chandarua chenye dawa. Dawa zinazowekwa kwenye vyandarua vya kuzuia malaria ni sumu kali kwa samaki, hata kwa kiasi kidogo sana. Tumia wavu wa dirishani usio na dawa, au kichujio cha plastiki cha jikoni. Vivyo hivyo, mpira uliowahi kupitisha petroli au dawa ya kupulizia mazao usiingie kabisa kwenye tangi.

Hatari nyingine ya mpira ni kusahau. Mmoja wetu aliuacha ukitoa maji akaenda kupokea simu, na mazungumzo ya shemeji hayana mwisho mfupi. Aliporudi, samaki walikuwa wamelala ubavu kwenye kina cha vidole vinne. Dawa yake ni tundu la msumari. Pima mahali unapotaka maji yakomee, kisha toboa mpira pale pale, kwenye sehemu inayoshuka ndani ya tangi. Tundu likiwa ndani ya maji halisumbui. Maji yakishuka hadi hapo, hewa inaingia na mvuto unakatika wenyewe. Msumari wa inchi 4 unatosha, na jaribu mara moja ukiwa umesimama pale kabla ya kuliamini. Kengele ya simu nayo si vibaya.

Tuseme wazi kwamba mpira hauna msaada kama tangi lako ni shimo lililotandikwa turubai kwenye uwanja tambarare, kwa sababu hakuna mahali pa chini pa kupeleka maji. Kwenye mteremko inawezekana. Anayejenga sasa aliinue tangi juu ya ardhi walau kidogo, au achague upande wa juu wa shamba. Maji yakitoka yaende kwenye migomba au mchicha, kwani amonia inayowaumiza samaki ni mbolea huko. Ila kama umeweka chumvi kwenye tangi kutibu samaki, maji hayo usiyamwagie mboga.

Kuingiza maji ndiko kunakochosha zaidi, na ndiko kunakoua samaki mtu akiharakisha. Kifaa cha pili kwa hiyo ni pipa la lita 200 lililowekwa juu ya matofali, likiwa na koki chini, liwe juu kuliko tangi la samaki. Hakikisha halikuwahi kubeba kemikali. Linajazwa kidogo kidogo siku zote, ndoo moja leo, mbili kesho, au maji ya mvua kutoka kwenye bati. Siku ya kubadilisha unafungua koki tu. Faida nyingine ni kwamba maji ya bomba yenye klorini, yakikaa wazi usiku na mchana mzima, klorini hiyo inaondoka. Pia yanapata joto la mazingira badala ya kuwamwagia samaki maji ya baridi ghafla.

Maji ya kisima kirefu huwa na hewa kidogo sana ya oksijeni. Yapitishe kwenye chupa ya soda ya plastiki iliyotobolewa matundu mengi, ifungwe kwenye mdomo wa mpira, yaanguke kama mvua. Yanapoanguka yanachukua hewa njiani.

Na kama unajaza moja kwa moja kutoka bomba la nyumbani, mdomo wa mpira uning'inie juu ya maji ya tangi, usizame. Huku kwetu maji hukatika bila taarifa. Yakikatika wakati mpira umezama, bomba linaweza kuvuta maji ya samaki na kuyarudisha ndani, yakaja kutokea kwenye bomba la jikoni.

Usibadilishe maji yote kwa mkupuo. Asilimia 20 hadi 30 kwa wakati mmoja inatosha. Na kama tangi limekaa miezi bila kuguswa, anza na ndoo chache kila siku kwa wiki nzima. Maji ya zamani huwa yameelekea kwenye hali ya tindikali, ambako amonia haina ukali mkubwa. Ukimwaga maji mapya mengi ghafla hali inageuka, na amonia iliyokuwa imetulia inakuwa kali mara moja. Wengi waliopoteza samaki siku ileile waliyosafisha tangi wanalaumu maji mapya, kumbe walichokosea ni kiasi.

Kwa anayejenga tangi la kudumu, tungemshauri aongee na fundi bomba kabla zege halijamwagwa. Chini ya tangi litolewe tundu lenye bomba la plastiki la inchi 2 linalotoka nje. Ndani, juu ya tundu hilo, lisimame bomba la inchi 2 lenye urefu sawa na kina cha maji unachotaka, lishindiliwe bila gundi ili liweze kung'olewa. Kisha livalishwe bomba pana la inchi 4, refu kupita uso wa maji, lililokatwa meno kwa msumeno upande wa chini. Ukiongeza maji mapya, maji ya ziada yanalazimika kupita kwenye meno yale, yaani kutoka sakafuni penye uchafu, yanapanda kati ya mabomba mawili na kumwagikia bomba la ndani. Tangi halifuriki na hutoi hata ndoo moja. Ukitaka kulikausha unang'oa bomba la ndani. Watoto nao wataling'oa, kwa hiyo waelezwe mapema.

Wenye samaki wa mapambo kwenye kioo sebuleni wanaweza kutumia mpira mwembamba uleule wa kuvuta, uliochomekwa kwenye shingo ya chupa ya nusu lita iliyokatwa kitako. Upande mpana ukishindiliwa kwenye changarawe, uchafu mwepesi unapanda na maji huku mawe yakianguka yenyewe ndani ya chupa. Chomoa kwanza umeme wa kifaa chochote kilichomo ndani kabla ya kutia mkono.

Pampu ndogo ya sola tumeiacha mwisho kwa makusudi. Inafaa pale chanzo cha maji kiko chini ya tangi, au shimo lako halina mteremko. Mwenye mteremko na mpira mnene hana haja nayo bado.

Siku ya kubadilisha maji, usiwalishe samaki saa chache kabla, na baada ya hapo watazame kwa nusu saa. Sato wakikusanyika juu wakihema, acha kuingiza maji, yamwage kwa kikombe kutoka juu ili hewa iingie, na wasile mpaka kesho yake.