Fahamu: Safari ya katuni za Ubongo hadi nyumba za Gusii

Mtoto niliyemwona Keroka, akihesabu ndizi za bibi yake kwa Kiswahili alichokipata katika runinga, ilhali ajuza yule akimjibu kwa Ekegusii, lugha ya Wagusii wa Kenya, "eyemo, ibere, isato", alinikumbusha asili ya elimu hiyo ya katuni. Shirika la Ubongo liliasisiwa Dar es Salaam mwaka 2013, na Januari 2014 TBC1 ikaanza kuonyesha Ubongo Kids, katuni ifundishayo hesabu na sayansi kwa hadithi na nyimbo. Baadaye ikaja Akili and Me, ya binti wa miaka minne aishiye chini ya Kilimanjaro, nazo zikasambazwa kwa vituo vya nchi nyingi.

Tusichanganye: Akili Kids!, kituo cha watoto kilichofunguliwa Kenya tarehe 31 Machi 2020, yapata majuma mawili baada ya shule kufungwa kwa sababu ya korona, ni taasisi nyingine kabisa.

Kazi za Ubongo zimekwisha kutiwa sauti za Kinyarwanda na Kihausa. Enyi wenye vituo vya runinga vya Kisii na Nyamira, iombeeni Ekegusii nayo hadhi hiyo.