Huzuni Nzito Kabla ya Hedhi Isipuuzwe

Wanawake wengi huhisi uchovu au hasira siku chache kabla ya hedhi. Kwa wachache, hali hiyo huwa ugonjwa: huzuni nzito, wasiwasi, kukata tamaa na hata mawazo ya kujiua hujitokeza wiki moja au mbili kabla ya hedhi, kisha hupungua siku chache baada ya damu kuanza kutoka. Shirika la Afya Duniani (WHO) limeutambua ugonjwa huo katika toleo la 11 la Orodha ya Kimataifa ya Magonjwa, lililoanza kutumika Januari 2022.

Kwa kawaida, viwango vya homoni za mgonjwa havitofautiani na vya wanawake wengine. Ubongo wake ndio huathirika zaidi homoni hizo zinapopanda na kushuka. Hivyo, huo si udhaifu wa tabia.

Mwenye dalili hizo anashauriwa kuziandika kila siku kwa mizunguko miwili na kumwonesha daktari, kwani zipo dawa na ushauri nasaha vinavyosaidia. Hata hivyo, mwenye mawazo ya kujiua asisubiri: afike kituo cha afya siku hiyo hiyo, na ndugu wasimwache peke yake.